Usiku wa kuamkia siku gani? Kasoro yangu iliyomwacha shangazi JKIA

 Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zilinibana. Leo nina jambo la kuungama kwanza, kisha nitatoa maoni yangu. Mwenye hasira na waandishi wa programu ataburudika.

Shangazi yangu ameolewa Dar es Salaam na anafanya biashara ya vifungashio: chupa, vifuniko, mifuko. Mwaka jana, akirudi kutoka Dubai, aliamua kupitia Nairobi ili aone mashine ya kuziba mifuko katika karakana moja huku kwetu. Mimi nilikuwa na kazi Kisumu siku hizo. Kwa hiyo nikamwagizia gari la kumpokea uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na kumfikisha kwangu Buruburu, kisha asubuhi limlete Industrial Area. Nilitumia tovuti ya kampuni ndogo ya magari ninayoifahamu vizuri sana. Naifahamu kwa sababu tovuti yenyewe niliitengeneza mimi.

Shangazi alinipigia simu Ijumaa. "Nafika Jumatatu usiku, mwanangu, saa saba kasoro dakika ishirini." Nikafungua fomu, nikabonyeza Jumatatu kwenye kalenda, nikaandika 00:40. Alama ya kijani ikatokea: Asante, ombi lako limepokelewa.

Umeshaona kosa? Mimi sikuliona.

Kwa kompyuta, 00:40 ya Jumatatu ni ile saa ambayo wewe umelala Jumapili usiku. Dereva alikwenda JKIA usiku huo, akasimama na karatasi yenye jina la shangazi, akapiga namba niliyoiandika (laini ya Tanzania, imezimwa), akasubiri mpaka saa nane na nusu, akalipia maegesho, akarudi kwake Pipeline. Asubuhi mfumo ukaandika "mteja hakutokea" na kuifunga safari. Taarifa hiyo haikutumwa kwa mtu yeyote. Ilikaa tu kwenye hifadhidata, imetulia.

Usiku uliofuata shangazi alitoka na masanduku yake mawili na hakukuta karatasi yenye jina lake. Laini yake haikuweza kupiga simu akiwa nje ya nchi. Wenye teksi wakawa wanamwita huku na huku. Mama mmoja wa usafi ndiye aliyemwazima simu. "Mwanangu, gari lako liko wapi?" Sikuwa na jibu.

Nikampigia mwenye kampuni, naye akamwamsha dereva. Kijana wa watu akaamka, akafika kwa nusu saa hivi, akambebea masanduku na kumwomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Alikuwa ametia mafuta mara mbili kwa nauli moja. Nilimlipa safari zote mbili, maana lile lilikuwa deni langu.

Maoni yangu ndiyo haya. Kuagiza gari la uwanja wa ndege ni makubaliano ya watu wawili juu ya mambo matatu: saa, mahali, na nani anamsubiri nani. Fomu ikishindwa kuyarudia makubaliano hayo kwa maneno ambayo watu hao wawili huyatumia, basi fomu hiyo haijamalizika kuandikwa, hata kama msimbo wake haukuonyesha kosa hata moja. Wangu haukuonyesha. Ulifanya kila nilichouagiza.

1. Saa

Wengi watadhani tatizo ni ile saa yetu ya Kiswahili inayopishana na ya simu kwa saa sita. Hapana. Hiyo tumeizoea tangu shule ya msingi. Simu inaandika 7, wewe unasoma saa moja, na maisha yanaendelea.

Tatizo ni siku. Kompyuta inabadilisha siku katikati ya usiku. Midomo yetu haifanyi hivyo. Mtu wa Nairobi akisema "Jumatatu usiku", anahesabu kuanzia giza linapoingia Jumatatu mpaka atakapolala na kuamka. Saa saba za usiku bado ni Jumatatu kwake, kwa kuwa hajalala.

Nenda pwani ukutane na hesabu nyingine tena. Kwa Waislamu na kwa wazee wengi wa Kiswahili siku mpya inaanza magharibi, jua linapozama. Ndiyo maana "usiku wa Ijumaa" kwao ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Sasa chukua ndege inayotua 00:40. Kompyuta inasema Jumanne. Mzee wa pwani anasema usiku wa Jumanne. Mimi, mtaalamu wa kompyuta, ndiye ninayesema Jumatatu! Mzee ambaye hajawahi kugusa kibodi anaafikiana na mashine kuliko mimi ninayekula kwa mashine.

(Shangazi aliongea kama mimi kwa sababu alilelewa Makongeni. Dar amekwenda kuolewa tu.)

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba lugha yetu imekwisha kulitatua tatizo hili zamani. Fungua gazeti lolote usome habari ya ajali au ya msiba: "usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne". Maneno hayo hayana utata. Mtu wa Nairobi, wa Tanga na wa Muscat wote wanaelewa usiku mmoja. Tunao msemo unaoziba kabisa shimo ambalo kalenda za kompyuta zinatuchimbia, na mimi niliyekua nikiusoma sikuuweka kwenye fomu yangu. Nilinakili kalenda ya wenzetu kama ilivyo.

2. Mahali

Fomu yangu ilidai vitu vitatu kwa lazima: mtaa, namba ya nyumba, msimbo wa posta. Hiyo pia niliinakili.

Hebu tuujadili huo msimbo wa posta. Kenya barua haiji mlangoni, inakwenda kwenye sanduku posta. 00500 ni posta ya Enterprise Road, 00515 ni Buruburu. Msimbo unakueleza sanduku liko wapi. Haukuelezi mlango uko wapi. Kuna kiwanda kiko Lunga Lunga Road na sanduku lake liko katikati ya mji. Dereva akifuata msimbo atafika mahali ambapo barua zinalala.

Majina ya barabara nayo yana mambo. Huku Industrial Area kuna Lusaka Road, Kampala Road, Addis Ababa Road, Likoni Road na Dar es Salaam Road. Karakana aliyokuwa akiiendea shangazi iko Dar es Salaam Road. Jaribu kuandika "Dar es Salaam" kwenye kisanduku kinachopendekeza majina ya ramani, uone utapelekwa wapi. Likoni kwa ramani nyingi ni kivuko cha Mombasa. Na Lunga Lunga? Kwa Mkenya wa huku ni barabara yenye malori. Kwa shangazi, aliyezoea kuvuka mpaka wa Horohoro kwa basi, ni mji wa mpakani kule Kwale. Mtu akichagua jina la kwanza linalojitokeza, nauli inahesabiwa mpaka mpaka wa Tanzania!

Mitaa ya Eastlands ndiyo usiseme. Buruburu ina Phase tano, ndani yake kuna makoti, na mageti yanafanana kama mapacha. Watu huelekezana kwa alama: duka, kanisa, stendi, geti jeusi. Na alama zetu zina maisha marefu kuliko majengo. Jengo la Taj Mall pale Outer Ring Road lilibomolewa mwaka 2018, lakini mpaka leo ukimwambia kondakta "nishushe Taj Mall" atakushusha palepale bila swali. Watu wanajua mahali ambapo hapana kitu. Fomu yangu, kwa upande wake, ilikuwa inakataa jibu lolote lisilo na namba ya nyumba. Nilipoagiza gari la shangazi niliandika namba "1" ili inipishe. Nilikuwa najidanganya kwa fomu yangu mwenyewe.

Kumbuka pia kwamba Industrial Area iko njiani kati ya JKIA na katikati ya mji. Wageni wa biashara, wanaokuja kwa vipuri, mashine na mabati, wanakuja huku. Lakini orodha ya mahali pa kwenda katika tovuti yangu ilijaa hoteli za Westlands. Niliandika kwa ajili ya mtalii, na wateja wenyewe hawakuwa watalii.

3. Nani, na kwa bei gani

Fomu iliomba namba moja ya simu. Katika nchi yetu, mara nyingi anayeagiza gari si anayepanda. Mtoto anamwagizia mama, kampuni inamwagizia mgeni. Namba iliyohitajika usiku ule ilikuwa yangu mimi niliyeko Kisumu, na haikuwa mahali popote katika mfumo.

Bei nayo isemwe mapema. Tangu Nairobi Expressway ilipofunguliwa mwaka 2022, dereva akitoka JKIA atakuuliza: "Tunapita juu au chini?" Juu kuna ada, chini ni Mombasa Road ya bure pamoja na foleni yake. Mwenyeji anaelewa. Mgeni anadhani ni fumbo. Nani analipa ada ya juu? Kama haikuandikwa, mtakuja kugombana kwenye kibanda cha malipo huku gari la nyuma likipiga honi.

Najua utakachoniambia

Utaniambia: mambo ya zamani hayo! Uber iko Nairobi tangu 2015, Little ilikuja 2016, Bolt nayo ipo. Bonyeza, panda, ondoka. Ni kweli, na mimi nazitumia. Lakini mgeni aliyeshuka usiku, laini yake haifanyi kazi na hajui kama Buruburu iko kushoto au kulia, hahitaji gari tu. Anahitaji mtu anayejua kwamba yeye anakuja. Hicho ndicho kinachouzwa katika gari la kuagiza. Ukikiondoa, umebaki na teksi ya bei ghali.

Wengine watasema mteja ajifunze kusoma tarehe. Sawa. Lakini aliyekosea hapa ni mimi, na mimi ndiye niliyeiandika ile kalenda. Kama mwenye nyumba amejikwaa kwenye kizingiti chake, mgeni afanyeje?

Nimefanya nini

Niliporudi kutoka Kisumu nilikaa na mwenye kampuni na dereva yule, ofisini, chai mezani. Dereva ndiye aliyesema mengi. Tukabadilisha haya:

- Saa ikiwa kati ya 00:00 na 05:00, fomu inasimama na kuuliza kwa sentensi nzima: "Gari likusubiri usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu, au usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne?" Lazima uchague. Saa inaandikwa kwa namba za simu na kwa Kiswahili.
- Namba ya ndege ni lazima, ili kampuni iangalie kama imechelewa na inatua jengo gani.
- Namba mbili za simu: ya msafiri na ya aliyeagiza.
- Mahali: kisanduku kimoja kikubwa, andika unavyomwelekeza binadamu. Msimbo wa posta umezikwa.
- Juu au chini, na nani analipa, inachaguliwa kabla.
- Msafiri asipoonekana, safari haifungwi mpaka mtu amempigia aliyeagiza.
- Jioni ya kuamkia safari, mtu wa ofisini anapiga simu. Mtu, si mashine.

Hilo la mwisho nililipinga sana. Nilisema, sasa tovuti ni ya nini kama bado tunapiga simu? Dereva akanijibu kwa upole: "Mkubwa, siku ile mimi nilikuwa na tarehe, saa na jina. Nilichokosa ni mtu wa kuniambia kwamba ni leo."

Sikuwa na la kujibu. Wiki ileile tulipoiweka sentensi mpya, mteja mmoja aliyekuwa akimwagizia baba yake gari alirudi nyuma na kubadilisha siku kabla ya kutuma. Hakuandika malalamiko wala shukrani, na labda hajui alichoepuka. Nami niliangalia tu rekodi ile, nikafunga kompyuta.

Shangazi naye alinunua mashine yake. Alipofika Dar es Salaam Road alicheka kwamba ametoka Dar akaja Dar. Mwezi ujao anarudi tena kwa vipuri. Nilimuuliza anafika lini. Akajibu polepole, kama anayemsomesha mtoto: "Usiku wa Jumatano, kuamkia Alhamisi. Umeandika?"

Nimeandika, shangazi.