Mwalimu Huyu Asisifiwe Moyo

Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Jamii ya Kenya imejikwaa ulimi mara nyingi kuhusu watoto wenye ulemavu, na makosa hayo yamekemewa mara kadha wa kadha. Liko, hata hivyo, kosa moja ambalo ni nadra kukemewa kwa sababu limevikwa joho la sifa. Kila anapotajwa mwalimu wa elimu maalumu, hususan akiwa kijana, husikika kauli ile ile: "Huyo ana moyo." Husemwa arusini, husemwa kanisani na msikitini, husemwa hata katika majilisi na walimu wenziwe. Makala haya yanadai kwamba kauli hiyo, japo hutolewa kwa nia njema, humdhulumu mwalimu na kuwadhulumu zaidi wanafunzi wake.

Ili dai hili lisibaki likielea hewani, inafaa kumfuata mwalimu mmoja wa aina hiyo tangu asubuhi. Ana umri wa miaka 27. Anafundisha katika kitengo maalumu kilichoambatishwa na shule ya msingi ya umma magharibi mwa Kenya. Jina lake halina umuhimu hapa, kwani walio mfano wake wametapakaa katika kaunti nyingi. Darasa lake zamani lilikuwa bohari ya mahindi ya shule, na siku za mvua harufu ya magunia hurudi. Wanafunzi wake ni 14. Mdogo ana miaka 7, mkubwa ana miaka 18. Wamo wenye usonji, wamo wenye mtindio wa ubongo, wamo wenye ulemavu wa akili, na wamo wawili wasiosikia ambao wazazi wao hawakumudu gharama za shule ya bweni ya viziwi.

Kipindi cha kwanza si cha herufi. Mwalimu huanza kwa kuchunguza nani amekula, nani alipatwa na kifafa usiku, nani amevaa viatu mguu mbadala, na nani anahitaji kupelekwa msalani kabla ya jambo jingine lolote. Baada ya hapo huja somo la vifungo vya shati. Mgeni akichungulia dirishani atadhani kuwa mwalimu anawavisha watoto nguo tu. Ukweli ni kwamba anafundisha, tena kwa ustadi mkubwa. Amelivunja tendo la kufunga kifungo katika hatua ndogo ndogo: kushika ukingo wa shati, kulitafuta tundu, kukisukuma kifungo nusu, kukivuta upande wa pili. Kisha hulifundisha tendo hilo kwa kuanzia mwishoni. Yeye hufanya hatua zote, akamwachia mtoto ile ya mwisho tu, ili mtoto ndiye amalize kazi na kuionja furaha ya kumaliza. Hatua hiyo ikikomaa, huachiwa mbili za mwisho, halafu tatu. Mvulana mmoja wa miaka 11 alihitaji mihula mitatu kufika mwanzo wa safari hiyo. Siku alipovifunga vifungo vyote vitano peke yake, mamake alikataa kuamini mpaka alipovifungua na kumwona akivifunga upya.

Ni moyo uliomfundisha mwalimu kuanzia mwishoni? La hasha. Ni elimu aliyoipata chuoni, akaijaribu, akaikosea, akairekebisha.

Mfano wa pili ni wa mtoto mwenye usonji aliyekuwa akijigonga kichwa ukutani kila siku kabla ya mapumziko. Wapo waliosema ni mapepo, wapo waliosema ni ukaidi. Mwalimu hakusema kitu. Alichukua daftari, na kwa majuma mawili akaandika saa, lililotokea kabla ya mtoto kujigonga na lililotokea baadaye. Daftari likamwonyesha kwamba chanzo kilikuwa kengele. Kengele ya shule hiyo ni ringi kuukuu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa mtini, na mlio wake hupasua masikio. Kwanza alimtengenezea mtoto kadi yenye picha ya kengele, akawa anamwonyesha dakika chache kabla haijalia. Kujigonga kukapungua. Kisha akathubutu jambo ambalo walimu wenziwe walilicheka: alimpa mtoto huyo chuma cha kugongea kengele. Mlio aliokuwa akiuogopa ukawa mlio anaoutoa mwenyewe kwa wakati anaoujua. Tangu siku hiyo kengele hailii dakika moja mapema wala dakika moja kuchelewa. Wanaonung'unika sasa ni walimu wa madarasa ya juu waliozoea kujiongezea dakika za ziada.

Alhamisi ni siku ya somo la fedha, na somo hilo hufanyika kwenye kioski kilicho nje ya lango. Siku moja msichana wa miaka 15 alipewa noti ya shilingi 50 akanunue maandazi matatu ya shilingi 10 kila moja. Mama muuzaji aliipokea noti, akamtazama mwalimu, akauliza, "Mwalimu, huyu anataka nini?" Mwalimu akajibu, "Muulize mwenyewe, mama." Wanunuzi wengine walianza kuguna. Msichana alionyesha vidole vitatu, akapewa maandazi. Muuzaji akanyoosha mkono kumrudishia mwalimu chenji. Mwalimu akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo. Kimya kikatanda. Mkono wa muuzaji ulibaki hewani hadi msichana alipoufikia, akachukua shilingi 20, akazihesabu na kuzitia mfukoni. Kisa hiki kidogo kinaeleza kazi yote ya elimu maalumu. Nusu ya somo lilikuwa la msichana. Nusu ya pili lilikuwa la wale waliosimama kioskini.

Kuna siku, hata hivyo, ambazo visa havichekeshi. Mwalimu wa gredi ya sita alipougua, iliamuliwa kwamba mwalimu wa kitengo ashike darasa lake kwa saa moja, kwa hoja kwamba "wale watoto watacheza tu". Katika saa hiyo mmoja wa "wale" alitoka langoni. Alitafutwa mtoni, akatafutwa mashambani, na hatimaye akapatikana kwenye barabara ya lami, ameketi kiti cha mbele cha matatu iliyokuwa ikisubiri abiria, huku utingo akimsihi ashuke. Gari hilo lingejaa mapema, jina la mtoto huyo lingetangazwa redioni. Jioni wakubwa wa shule walikutana. Halikuulizwa swali kuhusu aliyemwondoa mwalimu darasani. Halikuulizwa swali kuhusu lango lisilo na mlinzi, wala kwa nini watoto 14 wenye mahitaji tofauti wana mtu mzima mmoja tu. Kikao kilifungwa kwa maneno mawili: "Pole, mwalimu. Lakini wewe una moyo."

Hapo ndipo ubaya wa sifa hii unapojitokeza waziwazi. Moyo umegeuzwa kuwa msaidizi wa pili asiyelipwa mshahara. Pasipo na mlinzi, kuna moyo. Pasipo na vifaa, kuna moyo. Pasipo na mwalimu wa pili, kuna moyo. Fauka ya hayo, mwalimu anayesifiwa hivyo hufungwa mdomo. Akidai viti vinavyowafaa watoto wenye mtindio wa ubongo, ataambiwa kuwa moyo wake umepoa. Akitaja posho ambayo mwajiri hulipa walimu wa elimu maalumu, ataambiwa kuwa kumbe alifuata pesa. Haisikiki popote kuwa mwalimu wa fizikia ana moyo; husemwa kuwa ni mtaalamu, na maabara yake ikikosa vifaa wazazi huja juu.

Wapo watakaouliza: je, kazi hii haihitaji moyo kweli? Inahitaji, kama inavyouhitaji uuguzi na ulezi. Subira ni ngao ya kila siku katika darasa hili. Lakini subira ya mtaalamu haifanani na subira ya mhurumiaji. Mhurumiaji hungoja bila kujua anangoja nini, na hatimaye huchoka. Mwalimu huyu aliweza kungoja mihula mitatu kwa sababu alijua hatua iliyopita na hatua inayofuata.

Isitoshe, anachokifanya si sadaka. Kenya ilianzisha vituo vya kutathmini watoto wenye ulemavu mnamo 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE) mnamo 1986, kwa kutambua kwamba taaluma hii ina maarifa yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2003, na mwaka 2025 nchi ikapata sheria mpya mahali pake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 uliridhiwa na Kenya mwaka 2008. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuzifikia taasisi za elimu na haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa. Haki ina mdaiwa; hisani haina. Kila elimu ya mtoto huyu inapoitwa kazi ya moyo, inahamishwa kutoka kwenye daftari la madeni ya serikali na jamii hadi kwenye sahani ya sadaka.

Ibara hiyo hiyo inaanza kwa jambo linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Katiba, basi, imeingia katika uwanja wa lugha. Mara nyingi hudaiwa kwamba Kiswahili kiliwadhulumu watu hawa kwa kuwatia katika umbo la ki-vi: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijakamilika, kwa maana kijana na kiongozi nao wana kiambishi hicho hicho, na upatanisho wa kisarufi huwarudishia wote utu wao: kipofu anasoma, wala si kipofu kinasoma. Udunishaji hauko katika kiambishi pekee. Umo zaidi katika neno dogo kama "wale", katika swali la "huyu anataka nini?" analoulizwa mtu wa tatu, na katika sifa inayomkwepesha msemaji wajibu wake.

Wataalamu wa Kiswahili hawawezi kujitoa katika jambo hili. Katika mtaala wa sasa unaojikita katika umilisi, mwanafunzi kiziwi husoma Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Utaratibu huo una haki yake, kwani lugha ya ishara ni lugha kamili yenye sarufi yake, wala si Kiswahili wala Kiingereza kilichotiwa mikononi. Isitoshe, Ibara ya 120 ya Katiba inaitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Hata hivyo, kutenganishwa kwa masomo kusiwe kisingizio cha kutojuana. Wale watoto wawili wa kitengo wanaishi miongoni mwa watu wanaozungumza Kiswahili, na siku moja watakuja kioskini. Fasihi nayo ina deni. Mhusika mwenye ulemavu aghalabu huingia hadithini kama adhabu ya wazazi wake au kama muujiza wa kufungia kisa. Ni nadra kumwona akihesabu chenji yake.

Wengi wanaosoma jarida hili wamo katika shahada ya ualimu na watatumwa kufanya mazoezi ya kufundisha. Katika shule watakazopelekwa, huenda kukawa na chumba kilicho mwishoni mwa jengo, kilichokuwa bohari. Wasipite wakisema kuwa aliyemo ndani ana moyo. Waingie, waulize somo la siku ni lipi na hatua iliyofikiwa ni ipi. Wakiombwa kumshikia darasa ili aende msalani, washike. Wakisikia anahamishwa kwa saa moja kwenda darasa jingine, waulize nani anabaki na watoto.

Mwalimu huyu ana fomu ya uhamisho katika saraka ya meza yake. Ameijaza yote, isipokuwa tarehe. Akiondoka, hakuna mwingine shuleni humo aliyesomea taaluma hii. Kitengo kitafungwa, na baadhi ya wale 14 watarudi kukaa nyuma ya milango walikotolewa. Yanayoweza kumzuia ni mambo ya kawaida: mtu mzima wa pili darasani, mlinzi langoni, ratiba inayoheshimiwa kama za wenziwe, na mstari mmoja katika ubao wa matokeo unaoning'inizwa kila mwisho wa mwaka, mahali ambapo hadi sasa kitengo chake hakijawahi kuandikwa. Katika mstari huo, mbele ya jina la mvulana wa miaka 11, paandikwe: vifungo vitano, bila msaada.