Sanduku la Yongzheng na kitendawili cha mrithi Uchina

Mnamo Machi 11, 2018, wajumbe wa Bunge la Umma la Uchina walipiga kura mjini Beijing kukiondoa katika katiba kifungu kilichomwekea rais kikomo cha mihula miwili. Wajumbe 2,958 waliunga mkono, wawili wakapinga, na watatu hawakuegemea upande wowote. Miaka mitano baadaye, Machi 2023, Xi Jinping aliapishwa kwa muhula wa tatu. Baadhi ya magazeti ya nchi za Magharibi yalimwita mfalme mpya. Naona jina hilo lilitolewa kwa pupa. Wafalme wa nasaba ya Qing, iliyoitawala Uchina tangu 1644 hadi 1912, walikuwa na kitu ambacho kura ile haikukiacha nyuma yake, yaani utaratibu wa kumpata mrithi.

Utaratibu wenyewe ulizaliwa na msiba. Mfalme Kangxi alitawala miaka 61, hadi mwaka 1722. Qing walikuwa Wamanchu, na kwao kuzaliwa mapema hakukumpa mtu haki ya kurithi. Lakini Kangxi alitaka kufuata desturi ya Wachina, akamteua mwanawe Yinreng kuwa mrithi hali mtoto hajatimiza hata miaka miwili. Hebu fikiri, msomaji, maisha ya mtu anayekingoja kiti kwa zaidi ya miaka thelathini ilhali mwenye kiti yu buheri wa afya. Kila anayekosa kibali kwa baba hukitafuta kwa mwana. Baba naye huanza kusikiliza nyayo za usiku. Fahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 1708 Kangxi alimvua Yinreng cheo, mwaka uliofuata akamrudishia, na 1712 akamvua tena na kumfungia maisha. Tangu hapo hakumtangaza mrithi mwingine, na maafisa waliothubutu kumkumbusha waliadhibiwa.

Kimya nacho kikazaa vita. Kangxi alikuwa na wana wa kiume zaidi ya ishirini, na waliokomaa walijigawa makundi makundi. Alipofariki Desemba 1722, aliyekalia kiti ni mwana wa nne, Yinzhen, kwa jina la Yongzheng. Aliyetangaza wasia wa marehemu alikuwa Longkodo, mkuu wa askari wa mji mkuu. Mwana wa kumi na nne, ambaye wengi walidhani ndiye atakayerithi, alikuwa mbali magharibi akiongoza jeshi. Uvumi kwamba wasia ule ulighushiwa haujafa hata leo. La yakini ni matokeo yake: ndugu wawili wa mfalme, Yinsi na Yintang, walifukuzwa katika ukoo, wakapewa majina ya matusi, na wote wakafia kifungoni mwaka 1726. Longkodo, aliyemfungulia mlango, alifia kifungoni vilevile miaka miwili baadaye.

Mtu aliyepata kiti kwa njia hiyo aliujua udhaifu wake kuliko yeyote. Mwaka 1723 Yongzheng aliwaita wakuu wa dola, akawaarifu kwamba ameliandika jina la mrithi, amelitia katika sanduku lililofungwa kwa muhuri, na sanduku litawekwa nyuma ya ubao uliotundikwa juu ya kiti cha enzi katika kasri la Qianqing. Nakala ya pili alibaki nayo mwenyewe. Siku ya kufa kwake, maandishi hayo mawili yangelinganishwa. Na yaliyoandikwa katika ubao ule uliositiri siri kubwa kuliko zote? Maneno manne ya sifa ya unyofu na uwazi!

Tusiicheke hila hiyo. Mwana asiyejua kama ndiye hana sababu ya kumwonea baba haraka, na waziri asiyejua amsujudie nani hubaki akimtumikia aliye hai. Mfalme naye aliweza kulibadili jina bila kumwaga damu. Kwa njia hiyo Qianlong alirithi mwaka 1735, kisha Jiaqing, Daoguang na Xianfeng, na ndugu hawakuuana. Kasoro ilikuwa kwingine. Qianlong aling'atuka mwaka 1796 ili asimpite babu yake kwa miaka ya utawala, lakini aliendelea kushika hatamu hadi alipokufa 1799. Jiaqing alingoja siku chache tu baada ya kifo hicho, akamkamata Heshen, kipenzi cha baba, na kumlazimisha ajiue.

Sanduku lilitaka wana wengi. Xianfeng alipofariki Agosti 1861 aliacha mmoja tu, mtoto wa miaka mitano, na hapo siri haikuwa na maana. Swali likawa nani atamshika mtoto mkono. Mamaye, Cixi, aliungana na mjane mwenzake na shemeji yao, na kabla ya mwaka kwisha waliwapindua wasimamizi wanane walioachwa na marehemu. Mtoto huyo, Tongzhi, alifariki 1875 bila mwana. Cixi akamweka Guangxu, mtoto wa dada yake, mwenye miaka mitatu. Kwa desturi, mrithi hutoka kizazi kinachofuata, apate kumtambikia mtangulizi wake kama baba. Guangxu na Tongzhi walikuwa kizazi kimoja. Afisa Wu Kedu alijiua mwaka 1879 kulalamikia jambo hilo. Guangxu alikufa Novemba 14, 1908, na Cixi kesho yake. Mwaka 2008 watafiti wa Uchina walitangaza kwamba masalia ya Guangxu yalikutwa na sumu nyingi ya aseniki. Kiti kikamwangukia Puyi, mwenye miaka miwili, naye akaondolewa Februari 12, 1912.

Wakomunisti nao wameonja shubiri hiyo. Katiba ya chama ya 1969 ilimtaja Lin Biao kuwa mrithi wa Mao. Miaka miwili baadaye alikufa ndege yake ilipoanguka Mongolia akitoroka. Deng Xiaoping ndiye aliyeleta kikomo cha mihula katika katiba ya 1982, na mwaka 1992 alihakikisha Hu Jintao, mwenye umri wa miaka 49, anaingia katika kamati ya juu kabisa ya chama, miaka kumi kabla ya zamu yake.

Sisi tuliojengewa reli ya Mombasa hadi Nairobi kwa mikopo ya Beijing iliyotiwa saini 2014, mikopo inayolipwa kwa miaka mingi, tuna haki ya kuuliza tutakuja kuzungumza na nani. Oktoba 2022, Xi, akiwa na miaka 69, alitoka mbele ya wanahabari na wenzake sita wa kamati hiyo. Aliyekuwa kijana kuliko wote, Ding Xuexiang, alikuwa na miaka 60.