Farasi Asimame Sawasawa
Akina mama wenzetu, mwezi huu tumkumbuke Bibi Lis Hartel wa Denmark. Mwaka 1944, akiwa mjamzito, aliugua polio. Alijifungua salama, lakini miguu yake ilibaki imepooza kuanzia magotini kwenda chini. Hata hivyo, mwaka 1952 alipata medali ya fedha ya Olimpiki akimwongoza farasi wake, Jubilee, kwa mgongo na uzito wa mwili.

Katika mchezo huo farasi hutakiwa kusimama kimya, miguu yote minne ikibeba uzito sawa. Akivutwa hatamu kwa nguvu, husimama upande. Mpandaji huketi wima, hushika hatamu kidogo, na farasi akitii, hulegeza papo hapo.

Nasi nyumbani, tunapowaonya watoto, tusisahau kulegeza.