Mwacheni mkongo, kaangalieni waya ulio ukutani

Jamani, tumezidi. Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kweli, mtandao ukayumba nchi nzima. Tangu hapo imekuwa wimbo: picha ikigandaganda tu, "mkongo umekatika tena". Mwingine anapigia huduma kwa wateja, anaambiwa zima uwashe, anazima, anawasha, anatukana. Anayeinama chini ya meza kuangalia waya hayupo!

Mimi nasema, na fundi wa kukasirika akasirike: data inavuka bahari salama, halafu inafia kwenye mita 20 za mwisho, kati ya ruta na kompyuta yako.

Waya wa mtandao una nyuzi nane, jozi nne, na kila jozi imesokotwa. Haikusokotwa kwa urembo. Msokoto ndio unaozuia jozi moja isiingiliane na nyingine. Kwenye kichwa cha waya, pini ya 3 na ya 6 lazima ziwe za jozi moja, kwa mfano nyeupe-kijani na kijani, huku za bluu zikikaa katikati yake. Sasa fundi wetu anapanga rangi anavyoona zinapendeza: chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake. Anabana hivyo hivyo pande zote mbili, anachomeka kile kipimio cha vitaa, moja mpaka nane zinawaka kwa mpangilio. "Bosi, iko safi." Anachukua chake, anaondoka.

Safi wapi? Kile kitaa kinajua kitu kimoja tu, kwamba uzi umefika upande wa pili. Hakijui kwamba pini ya 3 na ya 6 sasa ni nyuzi za jozi mbili tofauti. Waya ukiwa mfupi unaweza usione kitu. Ukiurefusha mpaka chumbani, mtandao unakwama na kukatika ovyo, na lawama anabebeshwa samaki wa baharini.

Halafu kuna waya wenyewe. Boksi limeandikwa Cat 6 kwa herufi kubwa, bei ya kutupa. Chukua wembe ukwangue uzi mmoja. Ukiona ndani mweupe kama sufuria, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba. Inakatika upesi ikikunjwa, na inapoteza nguvu ya mawimbi kuliko shaba tupu. Najua fundi atajitetea: mteja ndiye anayetaka rahisi. Sawa, lakini je, ulimwambia ni alumini? Mteja akichagua rahisi huku akijua, hayo ni yake. Akifichwa, huo ni wizi, tusiutafutie jina lingine.

Kwa hiyo kabla hujamlipa, chomeka kompyuta na usome kasi ya muunganisho, siyo ya intaneti. Kama ruta na kompyuta zote ni za gigabiti lakini inasoma 100 badala ya 1000, mtuhumiwa wa kwanza ni waya, maana gigabiti inahitaji jozi zote nne wakati 100 inaridhika na mbili. Badilisha na waya mfupi unaoujua ni mzima. Ikipanda 1000, mwite fundi arudi. Ikisoma 1000 tangu mwanzo, bado usitoe pesa: hamisha faili kubwa kati ya kompyuta mbili mbele yake, muone wote wawili kama inakwama. Vitaa vyake avirudishe kwenye mkoba.