Neno Lililobadilika Lionyeshwe

Yeyote aliyepata kusahihisha chapa za kitabu ajua kuwa shida ya kazi ile si kusoma bali ni kuona. Nakala mbili za ukurasa mmoja huwekwa mbele yake, ya zamani na mpya, naye hutakiwa aseme zinahitilafiana wapi. Kazi hiyo leo hufanywa kila siku, na kwa wingi ambao wapiga chapa wa zamani hawakuujua, na mafundi waandikao programu za kompyuta. Fundi anapoyageuza maandishi yanayoiamuru mashine, ambayo huitwa msimbo, mwenzake hupewa mageuzi hayo ayakague kabla hayajakubaliwa. Huonyeshwa mstari wa zamani wenye alama ya kutoa, na chini yake mstari mpya wenye alama ya kujumlisha. Swali langu ni hili: je, yatosha kumwambia mkaguzi kuwa mstari huu umebadilika, au ni haki yake aonyeshwe pia neno lililobadilika ndani ya mstari?

Wako wasemao kuwa yatosha, na kwamba rangi zaidi ya hapo ni urembo. Mimi nasema haitoshi. Tena nasema kuwa desturi ya mstari mzima ilizaliwa na umaskini wa mashine, ikaja kuheshimiwa kama kwamba ilizaliwa na hekima.

Ushahidi wa neno hili si mgumu kuupata. Programu iitwayo diff, mama wa zote za jinsi hii, iliandikwa na Douglas McIlroy katika maabara ya Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikatolewa pamoja na toleo la tano la Unix mwaka 1974. Mwaka 1976 yeye na James Hunt walieleza njia yake kwa maandishi. Kumbukumbu ya kompyuta za siku zile ilikuwa haba mno, kwa hiyo kila mstari ulifanyiwa hesabu ukawa tarakimu moja, na tarakimu zikalinganishwa badala ya herufi. Mstari uliopungua nukta moja hupata tarakimu nyingine, na papo hapo huwa mgeni kabisa, sawa na mstari ambao haukupata kuwapo. Ilikuwa busara kubwa kwa wakati wake, wala simlaumu aliyeibuni. Hata programu ya Larry Wall iitwayo patch, ya mwaka 1985, ambayo hupachika mageuzi katika nakala nyingine, yaihitaji mistari mizima ili ipate kujua mahali pa kupachika. Mashine ina haja yake. Ugomvi wangu ni na wale wanaomvika binadamu kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mashine.

Na tuone mfano. Katika programu ya benki mna mstari unaosema fedha zitolewe ikiwa salio >= kiasi kinachotakiwa. Fundi augeuza useme salio > kiasi. Alama moja imeondoka. Mteja mwenye shilingi 10,000 kamili katika hesabu yake hawezi tena kuzitoa zote 10,000. Mstari huo waweza kuwa na herufi themanini, na mkaguzi anayeonyeshwa mistari miwili iliyopakwa nyekundu na kijani toka mwanzo hata mwisho hana budi kupitisha jicho juu ya herufi zote za huu na zote za ule, akitafuta kitu ambacho mashine ingaliweza kumwonyesha mara moja. Mistari ya namna hii ikiwa mia mbili kwa siku, nani atakayeapa kuwa jicho lake halitachoka?

Uzito wa alama moja si jambo la kubuni. Mnamo Novemba 2003 mtu asiyejulikana aliingia katika nakala mojawapo ya msimbo wa Linux, akatia mistari miwili iliyoonekana kuwa haina madhara. Mahali ambapo msomaji angalitazamia ==, alama inayouliza kama mtumiaji ni sifuri, yaani mwenye mamlaka yote, paliandikwa =, alama inayomfanya awe sifuri. Swali liligeuzwa kuwa amri. Hila ile iligunduliwa kwa kuwa nakala ile haikulingana na nakala kuu. Mistari ile ilikuwa mipya mizima, kwa hiyo rangi ya ndani ya mstari isingaliisaidia. Naitaja kwa sababu yapima uwezo wa alama moja. Ikiwa = moja yaweza kutoa ufunguo wa nyumba nzima, basi siku = moja itakapofutwa ndani ya mstari wa zamani uliozoeleka, mkaguzi na aonyeshwe.

Wapinzani wana hoja moja ambayo siwezi kuipita kwa dharau. Husema kuwa mkaguzi akionyeshwa neno atalitazama neno tu, naye atasahau mstari; na neno lapata maana kwa jirani zake. Ni kweli kuwa lapata maana kwa jirani zake. Lakini nani aliyesema jirani wafichwe? Mstari wabaki wote, kwa rangi hafifu, na kipande kilichobadilika kipewe rangi nzito. Nguvu ambayo mkaguzi angaliitumia kutafuta ataitumia kupima. Anayedhani kuwa kutafuta ndiko kupima amechanganya mambo mawili, kama mwalimu anayedhani kuwa mwanafunzi aliyetoka jasho ndiye aliyeelewa.

Walakini sitaki kuhesabiwa miongoni mwa wapakaji rangi wasiojua kiasi. Kuna programu ambazo, kwa kukimbia kosa la mstari, zimetumbukia katika kosa la herufi. Mtu akifuta neno mwalimu akaandika mwanafunzi, mlinganishaji wa herufi huliona mwa ni lile lile, huiacha u moja katikati bila rangi, na zilizobaki huzipaka. Neno latoka na madoadoa kama kanga wa porini. Mwandishi hakugeuza herufi. Aligeuza neno, na msomaji anaambiwa habari isiyokuwako. Heri mistari mizima kuliko upuuzi huo. Vilevile mistari miwili isiyo na ushirika ila mabano na nukta-mkato haina haja ya kulinganishwa ndani; huo ni mstari uliofutwa na mwingine uliozaliwa, na iachwe hivyo.

Dawa nyingine zilizokwisha kutolewa ni za nusu. Programu ndogo iitwayo diff-highlight, ambayo huambatana na Git, hutazama mwanzo ulio sawa na mwisho ulio sawa, na kilicho kati hukipaka rangi chote. Mhariri wa Vim kwa miaka mingi alifanya vivyo hivyo. Fundi akigeuza neno la pili na neno la mwisho, katikati yote huwaka bila hatia. Isitoshe, hiyo ya kwanza hujaribu kuoanisha mistari ikiwa tu iliyofutwa na iliyoongezwa ni sawa kwa idadi. Mistari miwili ikigeuzwa kuwa mitatu, yanyamaza. Git yenyewe huweza kulinganisha kwa maneno ikiombwa, lakini isipoelekezwa vinginevyo huhesabu kuwa neno ni chochote kilicho baina ya nafasi mbili. Na rangi zenyewe, nyekundu na kijani, ndizo hasa zinazowachanganya watu wengi wenye upungufu wa kuona rangi. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini wao ni takribani mmoja katika 12. Kupiga mstari chini ya kipande, au kukikoza wino, kusingaligharimu kitu.

Hapo kwenye nafasi mbili ndipo jambo hili linapoingia katika uwanja wetu sisi wa lugha, na ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoona kuwa hii ni habari ya mafundi peke yao. Programu zinazosema Kiswahili huyaweka maneno yake katika majalada yanayokaguliwa kwa njia ile ile ya msimbo. Chukua sentensi inayosema kuwa wateja watakaporudishiwa fedha watapewa taarifa. Mtafsiri wa pili aandika watakaporudishwa. I moja imetoka katika neno lenye herufi 17, na sasa wanaorudi ni wateja, si fedha. Ukilipaka rangi neno zima umelifanya neno la Kiswahili kuwa kile ambacho mstari ulikuwa kwa msimbo: mzigo usiofunguliwa. Atalipa ikigeuka hatalipa, deni limekanushwa kwa h moja. Mwingereza ana nafasi zake za kumtenganishia kitenzi na nafsi na wakati. Sisi tuna viambishi, na mashine iliyofundishwa nafasi haivioni.

Kwa hiyo kipimo nikitakacho si herufi wala neno la nafasi mbili, bali ni kipande kidogo kabisa chenye maana: katika msimbo, jina au alama au tarakimu, katika Kiswahili, kiambishi na mzizi. Fundi hawezi kuvikata viambishi hivyo bila sarufi, na sarufi hiyo imo vichwani mwa watu wa idara zetu. Tumeichambua kwa ajili ya mitihani miaka mingi. Na iandikwe sasa kwa namna ambayo mashine itaweza kuisoma, ili mkaguzi wa tafsiri, popote alipo, aipate i ikiwa imepigiwa mstari kabla sentensi haijawafikia wateja.