Mtu si kamba

JICHO LA BARABARANI
Na Bi. Mwanaidi

Jumanne asubuhi, tukiwa tumeshaipita Chalinze kuelekea Morogoro, tulijikuta nyuma ya Canter iliyosheheni mabati mapya. Mzigo ulifungwa kamba moja tu ya manila, imechakaa na kuungwaungwa, tena ilipita katikati. Nyuma, ambako kamba haikufika, waliwekwa vijana wawili. Mmoja ameyakalia mabati, mwenzake amelala kifudifudi, mikono kaitanua, kashika kingo huku na huku. Kiganja kimoja alikizungushia soksi ili bati lisimkate.

Hao ndio waliokuwa kamba ya nyuma.

Sijahamaki hivi tangu makala yangu ya malori ya mchanga yasiyofunikwa, iliyowafanya mnipachike jina la Mama Turubai. Jina nimelipokea. Ila mchanga ule ulitutia vumbi machoni. Mabati haya yanachinja.

Basi likaja kwa kasi upande wa pili. Lilipotupita, upepo wake uliingia chini ya mabati, yakanyanyuka pamoja na yule aliyelala. Bati moja likachomoka, likatua njia ya pili, na bodaboda iliyokuwa ikija ikakimbilia porini na abiria wake. Walisimama wazima, Mungu ashukuriwe. Canter yenyewe iliendelea na safari mpaka tulipoiandama kwa honi na taa.

Dereva aliposhuka nilimuuliza kwa nini amefungia mzigo watu. Akasema, "Mama, tunafika hapa karibu tu." Njiani alikwisha kusimamishwa, akaonyesha leseni na mtungi wa kuzimia moto, akaruhusiwa. Mwenye mali alikuwa kiti cha mbele, amefunga mkanda.

"Hapa karibu" ndiyo inayotuua. Gari likifunga breki, mzigo unataka kuendelea na mwendo ule ule uliokuwa nao, na bati juu ya bati linateleza. Ulaya, kanuni za kufunga mizigo zinataka mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu isiyopungua asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa ubavuni na nyuma. Tani moja ya mabati, basi, inahitaji kushikiliwa kwa nguvu ya kilo 800. Nionyesheni kijana mwenye mikono hiyo.

Wala tusijifanye hatujui. Machi 2015, Changarawe, Mafinga, kontena la lori liliangukia basi la abiria, wakafa watu zaidi ya 40. Tulilia nchi nzima. Baada ya matanga tukarudi kubishana juu ya mashimo ya barabara, na mpaka leo naona makontena yakipita yamekalishwa tu juu ya tela, loki za pembeni hazijafungwa.

Sababu naijua. Tunachopima ni uzito, ufungaji hatuutazami. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 iliweka ukomo wa tani 56, na kila mwenye lori anaikariri namba hiyo kwa kuwa akizidisha analipa. Kamba mbovu haijawahi kumgusa mfukoni. Dukani, kamba mpya ya manila haifiki bei ya bati moja kati ya yale yaliyokuwa yakipepea mbele yetu, lakini utingo ni rahisi zaidi: halipiwi nauli, hana bima, na akidondoka tutaambiwa alisinzia.

Mabati tuliyafunga upya pale pale kwa kamba iliyotoka kwenye buti la gari letu. Vijana wakaingia ndani ya kibanda, wakabanana.

Ndugu zangu trafiki, mkimkuta mtu juu ya mzigo, mshusheni kwanza, leseni mtaikagua baadaye. Na kama kamba haijapatikana, apande mwenye mali akayashike mabati yake.