Barafu ya Mtoto na Ulimi wa Mbwa

Jua la mchana likichoma Birere, mtoto anarudi na barafu mkononi, na mbwa wa nyumba anamfuata mpaka mlangoni. Mama mmoja ametuuliza: akimpa kidogo, kuna hatari?

Barafu ya maji matupu, vipande vidogo, haina ubaya. Ile ya maziwa na sukari inaweza kumharisha, kwa sababu matumbo ya mbwa wengi wakubwa hayasagi maziwa vizuri. Ya shokola msimpe kabisa: shokola ni sumu kwake, na ile nyeusi ndiyo kali zaidi. Zabibu kavu vilevile. Vitu vya "bila sukari" vingine vina ksilitoli, inayoshusha sukari ya damu ya mbwa haraka na kuharibu maini. Kijiti nacho mkiondoe, asije akakimeza.

Lakini tumfikirie mtoto pia. Wasilambe barafu moja kwa zamu. Kichaa cha mbwa hupita katika mate: mbwa akiuma, ao mate yakigusa kidonda ao mdomo. Mbwa akimuuma mtoto, osheni kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha muende kituo cha afya siku ileile kuuliza chanjo. Msingoje dalili, zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Na mbwa mwenyewe achanjwe.

Mkitaka kumfurahisha mlinzi wenu, gandisheni kipande cha ndizi mbivu kwenye frigo. Kinatosha.

Tuonane juma lijalo.